Shajara ya mradi: mfumo wa Jua uwanjani, kwa kipimo kimoja

Mwisho wa Desemba 2025: kuchagua kipimo

Michoro mingi ya mfumo wa Jua ina kasoro moja inayonikera kuliko zote. Ukubwa wa sayari umechorwa kwa kipimo kimoja, umbali kati yake kwa kipimo kingine, na msomaji haambiwi. Ndiyo maana mtu aliyemaliza shule zamani bado anajiuliza kwa nini Mwezi haupatwi kila unapokuwa mpevu, au anaamini kwamba majira ya joto huja Dunia inapolisogelea Jua. Mradi huu una sharti moja: ukubwa na umbali vifuate kipimo kilekile, na kila sayari isogezwe siku hadi siku ili iwe mahali pake pa kweli kwa tarehe hiyo. Mfano uliosimama tu nimewahi kuuona, na sioni unamfundisha mtu nini zaidi ya kwamba anga ni kubwa.

Nimechagua 1 kwa bilioni 10, kwa sababu hesabu yake haitaki karatasi. Kilomita milioni 10 angani ni mita moja uwanjani, na kilomita 10,000 ni milimita moja. Jua, lenye kipenyo cha kilomita 1,392,000 hivi, linakuwa mpira wa sentimita 14. Dunia, kilomita 12,742, inakuwa kichwa cha pini cha milimita 1.3. Mwezi, kilomita 3,474, ni chembe ya mchanga isiyofika nusu milimita.

Umbali kutoka kwenye mpira: Utaridi mita 5.8, Zuhura 10.8, Dunia 15, Mirihi 22.8. Kisha unatembea sana. Mshtarii ni gololi ya milimita 14 kwenye mita 78, Zohali ni ndogo yake kidogo kwenye mita 143. Uranusi na Neptuni ni shanga za milimita 5, moja kwenye mita 287 na nyingine kwenye mita 450. Uwanja nilio nao unatosha mzunguko kamili wa Mirihi, na upande mmoja unafika Mshtarii. Zohali na zinazofuata zitapangwa kando ya njia moja iliyonyooka, bila kujali zilipo kweli angani. Hilo silipendi, ila sina uwanja wa kilomita moja.

Proxima Centauri, nyota iliyo jirani kabisa na Jua, ingekaa kilomita 4,000 kutoka kwenye mpira. Haimo kwenye mpango.

Mwanzoni mwa Januari: duara la Dunia

Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kuchora duaradufu. Vitabu huchora njia ya Dunia ikiwa imebanwa kama yai, na Jua limekaa pembeni. Hesabu inasema vingine. Kwa kipimo chetu, njia ya Dunia inatofautiana na duara kamili kwa milimita 2 tu katika mita 15. Hakuna kamba itakayoonyesha tofauti hiyo kwenye nyasi. Kinachoonekana ni kwamba Jua haliko katikati: limesogea sentimita 25 kutoka kwenye kitovu. Basi nikapiga kigingi cha kitovu, nikazungusha kamba, nikamwaga chokaa, kisha nikauweka mpira sentimita 25 pembeni ya kigingi.

Upande ambao duara liko karibu zaidi na mpira ndiko Dunia ilikopita tarehe 3 Januari, kilomita milioni 147 kutoka kwenye Jua. Mwanzoni mwa Julai itakuwa upande wa pili, kilomita milioni 152. Uwanjani ni mita 14.7 dhidi ya mita 15.2. Mtu akisimama kwenye duara hatambui tofauti hiyo kwa macho. Mwanga wa Jua tunaoupata Januari unazidi ule wa Julai kwa asilimia 7 hivi, na bado Januari ndiyo baridi ya nchi za kaskazini. Kwa hiyo chanzo cha majira kiko kwingine, na pini yenyewe inakionyesha.

Pini imechomwa kwenye kizibo, na shina lake ndilo mhimili wa Dunia. Nimeliinamisha nyuzi 23.4 kutoka wima, na kanuni ni moja: kizibo kikisogezwa kwenye duara, pini isigeuzwe. Ielekee upande uleule wa uwanja mwaka mzima. Januari kichwa cha kaskazini kinalipa Jua kisogo. Ukikipeleka kizibo ng'ambo ya pili ya duara bila kugusa mwinamo, kichwa kilekile sasa kinalielekea Jua. Nilimfanyia mpwa wangu, ambaye ndiye anayenishikia kamba, akaelewa kabla sijamaliza sentensi. Tarehe 20 Machi na karibu na 23 Septemba mwinamo unakuwa ubavuni, hauko upande wa Jua wala hauko kinyume chake, na usiku na mchana vinakaribia kulingana kila mahali.

Bado mwanzoni mwa Januari: kuthibitisha mpira

Kabla ya kuamini sentimita 14 kwenye mita 15, nilitaka kuliuliza Jua lenyewe. Njia ni ya zamani na ni salama, maana hakuna anayelitazama Jua moja kwa moja: karatasi ngumu yenye tundu dogo inazibwa dirishani, chumba kinatiwa giza, na karatasi nyeupe inawekwa ukutani mkabala. Doa la mwanga linalotokea si umbo la tundu, ni picha ya Jua. Tundu lenyewe likiwa la pembe tatu, doa bado linatoka la mviringo, mradi ukuta uwe mbali vya kutosha.

Umbali wa Jua ni takriban mara 107 ya kipenyo chake, kwa hiyo doa lazima liwe sehemu moja ya 107 ya umbali kati ya tundu na ukuta. Mita 5 zinatoa doa la milimita 47 hivi Januari, na chini kidogo ya 46 Julai. Ukingo wa doa huwa na ukungu kwa sababu tundu lina upana wake, kwa hivyo tofauti ya Januari na Julai itahitaji mkono mtulivu. Uwiano wa jumla lakini umekaa pale pale. Mpira wa milimita 139 kwenye mita 15 unatoa 108 kasoro kidogo. Nimeridhika.

Jambo ambalo kipimo hiki hakitoi ni umbali wenyewe. Mpira mdogo ulio karibu na mpira mkubwa ulio mbali hutupa doa lilelile. Mgiriki Aristarko wa Samos, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alijaribu kuupata umbali kwa kupima pembe kati ya Jua na Mwezi wakati Mwezi ukiwa nusu kamili. Akakadiria nyuzi 87, na kwa hesabu hiyo Jua likawa mbali mara 18 hadi 20 kuliko Mwezi. Pembe ya kweli ni nyuzi 89.85 hivi, na Jua liko mbali karibu mara 390. Wazo lake halikuwa na kosa hata kidogo. Tofauti kati ya pembe hiyo na nyuzi 90 ndiyo ilikuwa ndogo mno kwa vifaa vya wakati ule.

Karibu na 10 Januari: mstari

Sikupanga kuanza na tarehe hizi, ila zimeangukia pazuri. Majedwali ya sayari hutoa pembe ya kila sayari kama inavyoonekana kutoka kwenye Jua. Nilipopiga vigingi, nne kati yake zilijipanga: Mirihi na Zuhura upande mmoja, mpira wa Jua, kisha Dunia, kisha Mshtarii huko mbali. Kamba kutoka Mirihi hadi Mshtarii ilipita karibu kabisa na mpira na pini. Zuhura ilipita nyuma ya Jua tarehe 6, Mirihi tarehe 9, na Mshtarii ikawa mkabala na Jua tarehe 10.

Ukisimama kwenye pini unaona kitakachotokea angani bila kusoma popote. Zuhura na Mirihi ziko nyuma ya mng'ao wa Jua, hazionekani mchana wala usiku. Mshtarii iko kisogoni: Jua linapozama yenyewe inachomoza, na inakesha angani hadi alfajiri. Usiku nilitoka nje, nayo ilikuwepo, yenye mwanga wa utulivu kuliko nyota zote zilizoizunguka. Darubini ndogo ya mkononi iliyoegemezwa ukutani inatosha kuona miezi yake minne mikubwa, ileile ambayo Galileo aliiona Januari 1610.

Mpwa wangu aliuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri: "Mjomba, mwanga wenyewe hapa unakwenda kasi gani?" Sentimita 3 kwa sekunde. Hakuamini. Tulifunga karatasi kwenye uzi, tukaivuta kutoka kwenye mpira kuelekea kwenye pini kwa mwendo huo, na ilichukua zaidi ya dakika 8. Sisimizi mwenye haraka angeipita. Kufika Neptuni ingehitaji zaidi ya saa 4, tukaghairi.

Mwishoni mwa Januari: hatua za kila siku

Hapa ndipo mradi unapotofautiana na mifano mingine. Kila siku kizibo cha Dunia kinasogea sentimita 26 kwenye duara, kinyume cha mwendo wa mishale ya saa ukitazama kutoka upande wa kaskazini. Utaridi inasogea 41 kwa wastani, Zuhura 30, Mirihi 21, Mshtarii 11. Neptuni, tungekuwa tunaisogeza, isingefika hata sentimita 5. Dunia inakwenda kilomita 30 kwa sekunde kusudi ipate sentimita zake hizo 26.

Aliye karibu na Jua anakimbia zaidi, na uhusiano huo si wa kubahatisha. Mnajimu Mjerumani Johannes Kepler, mtaalamu wa mienendo ya sayari, aliutoa mwaka 1619: mraba wa muda wa mzunguko unalingana na mchemraba wa umbali. Mshtarii iko mbali mara 5.2 kuliko Dunia. 5.2 mara tatu kwa yenyewe ni 140.6, na kipeuo chake cha pili ni 11.86, ambayo ndiyo miaka ya mzunguko mmoja wa Mshtarii. Newton ndiye aliyeeleza sababu mwaka 1687, kwamba mvuto hupungua kwa mraba wa umbali.

Mirihi ndiyo iliyonipa shida ya chokaa. Jua liko zaidi ya mita 2 kutoka kwenye kitovu cha duara lake, na njia yenyewe imebonyea sentimita 10 kutoka kwenye duara kamili. Kwa Dunia milimita 2, kwa Mirihi sentimita 10! Ndiyo sababu ilikuwa Mirihi, katika vipimo vya anga vya Tycho Brahe, Mdenmaki aliyepima mahali pa sayari kwa miaka mingi, iliyomlazimisha Kepler kuachana na duara mwaka 1609. Angeshughulikia Dunia peke yake, nadhani duara lingeendelea kuheshimiwa kwa muda mrefu zaidi.

Februari: Mwezi

Sehemu hii nimeitamani tangu mwanzo.

Mwezi uko kilomita 384,400 kutoka kwetu kwa wastani. Uwanjani ni sentimita 3.8. Nimetengeneza pete ya waya mwembamba kuzunguka kichwa cha pini na kuigandisha chembe ya mchanga juu yake. Mfumo mzima wa Dunia na Mwezi unaenea kwenye kiganja, na ungeingia ndani ya mpira wa Jua nafasi ikabaki. Hilo peke yake linawatosha wageni wengi, huishia hapo na kutikisa vichwa.

Mimi lakini nilitaka njia ya Mwezi kulizunguka Jua. Wachoraji huichora kama msururu wa vitanzi. Kwa kipimo cha kweli, katika mwezi mmoja Dunia inakwenda mita 7 na nusu hivi, na chembe ya mchanga inayumba sentimita 3.8 tu ndani na nje ya duara la chokaa. Nilitia alama ya kila siku kwa vijiti vyembamba. Hakuna kitanzi popote, wala mahali ambapo njia inapinda kulipa Jua mgongo. Ni duara lilelile la Dunia, lenye kuyumba kwa kiasi ambacho ukisimama mita chache tu hukioni. Jua, kwa kweli, linauvuta Mwezi kwa nguvu inayozidi mara mbili ya mvuto wa Dunia. Ni kwa sababu linaivuta Dunia pia, kwa kiasi kilekile cha kuongeza mwendo, ndiyo hawa wawili hawaachani.

Vijiti vilijibu na jambo jingine. Chembe inarudi kwenye upande uleule wa uwanja baada ya siku 27.3. Lakini katika siku hizo Dunia imeshakwenda mita 7, na Jua sasa liko upande mwingine kidogo. Chembe inapaswa kuzunguka siku mbili na zaidi ili kulikuta tena. Ndiyo siku 29.5 kutoka mwezi mwandamo hadi mwandamo.

Sasa kupatwa. Pete ya waya haijalala sawa na uwanja, imeinama nyuzi 5. Ni mwinamo mdogo, jicho linaudharau, mpaka uupime: kwenye sentimita 3.8, chembe inapanda milimita 3.4 juu ya usawa wa uwanja na kushuka kiasi hichohicho chini. Kivuli cheusi cha Dunia, pale Mwezi unapopita, kina upana wa milimita 0.9. Kwa hiyo mwezi mpevu wa kawaida hupita juu au chini ya kivuli na kuwa na nafasi ya kutosha. Katika michoro ya vitabuni, Mwezi umewekwa karibu na Dunia kwa vipenyo viwili au vitatu, na kivuli kinaonekana kikubwa kiasi kwamba kukikosa ni muujiza. Umbali wa kweli ni vipenyo 30 vya Dunia.

Pete inakata usawa wa uwanja mahali pawili, na mstari unaounganisha mahali hapo huelekea Jua mara mbili kwa mwaka, kila baada ya miezi sita kasoro kidogo. Msimu huo hudumu zaidi ya mwezi mmoja, na Mwezi hauwezi kuumaliza bila kupita angalau mwandamo mmoja na mpevu mmoja. Ndiyo maana kupatwa huja kwa jozi. Mwaka 2026 una jozi mbili safi: Jua tarehe 17 Februari na Mwezi tarehe 3 Machi, kisha Jua tarehe 12 Agosti na Mwezi tarehe 28 Agosti. Mstari wenyewe nao unageuka polepole, unamaliza duara kwa miaka 18.6, kwa hiyo misimu inatangulia kwa siku 19 hivi kila mwaka.

Tarehe 17 Februari, Jua lilipatwa kwa pete juu ya Antaktika. Kwenye mfano sababu inapimika: ncha ya kivuli cha Mwezi huishia sentimita 3.7 au 3.8 kutoka kwenye chembe, na umbali wa Mwezi wenyewe hubadilika kati ya 3.6 na 4.1. Mwezi ukiwa mbali, ncha haifiki kwenye pini, na ukingo wa Jua unabaki nje pande zote. Tarehe 12 Agosti Mwezi utakuwa karibu, ncha itafika, na watu wa Greenland, Aisilandi na Hispania wataona Jua likizibwa lote.

Machi

Mwezi ulipatwa wote tarehe 3, kwa karibu saa nzima. Kwenye pete, chembe ilikuwa pale pale ilipotakiwa, kwenye usawa wa uwanja nyuma ya pini.

Uzi kutoka kwenye pini kupitia gololi ya Mshtarii, niliokuwa nikiuvuta tangu Januari, ulikuwa ukirudi nyuma kila wiki dhidi ya alama za nyota za mbali, kwa sababu Dunia ya sentimita 26 inaipita Mshtarii ya sentimita 11. Mwezi huu uzi umesimama, na sasa unakwenda mbele. Wazee wa Ugiriki walibuni duara juu ya duara kulieleza jambo hili. Uwanjani mpwa wangu analieleza kwa kutembea.

Juni

Aprili na Mei hazina la kuandikwa zaidi ya hatua za kila siku na kurudia chokaa baada ya mvua.

Zuhura, iliyokuwa nyuma ya Jua Januari, imejitokeza magharibi jioni. Njia yake iko mita 10.8 na yetu mita 15, kwa hiyo kutoka kwenye pini haiwezi kamwe kuachana na Jua zaidi ya nyuzi 47 hivi. Ndiyo sababu hakuna aliyewahi kuiona usiku wa manane katika nchi za ikweta. Karibu na tarehe 9 uzi mmoja ulipita karibu na Zuhura na kufika karibu na gololi ya Mshtarii, na jioni mbili hizo ziliwaka pamoja angani, zikitenganishwa na nyuzi moja na nusu au zaidi kidogo. Uwanjani Zuhura iko mita 17 hadi 18 kutoka kwenye pini, na Mshtarii mita 90. Wageni wote niliowaonyesha walisema zimekutana. Niliwapa kamba wapime.

Kazi inayofuata ni ya seremala. Tarehe 24 Oktoba Zuhura itapita kati yetu na Jua, mita 4 na kitu kutoka kwenye pini, na mfano ulivyo sasa utaonyesha inakatiza mbele ya uso wa Jua. Haitakatiza. Mara ya mwisho kufanya hivyo ilikuwa Juni 2012, na itakayofuata ni Desemba 2117. Njia ya Zuhura imeinama nyuzi 3.4, ambayo kwa mita 10.8 ni sentimita 64 juu au chini. Ya Utaridi imeinama nyuzi 7. Kwenye nyasi hakuna chini, kwa hiyo mpira wa Jua na duara lote la Dunia vinapandishwa kwenye nguzo za mita moja, na vigingi vya Zuhura, Utaridi na Mirihi vinapata tundu za kurekebisha urefu. Mbao zimeshakatwa. Nguzo za duara la Dunia zitaanza upande wa Julai, maana kizibo kinafika huko baada ya wiki chache.